Taipureta Yaamua Kesi ya Koti

Usiku wa jana niliota nimerudi soko la mitumba, pale Moshi, nimeshika mkono wa koti la sufu la kijani. Mkono wa pili kaushika jirani yangu, Mama Shose. Mchana tulikuwa tumelishika hivyohivyo akalipata yeye, maana niliachia kidogo nijikune pua. Belo la nguo likifunguliwa, sheria haina huruma: ukiachia, si lako. Nami nililitaka kwa mjukuu wangu Ndeshi, anayesafiri leo kwenda kufundisha Makete, ambako baridi haipigi hodi.

Ndotoni nimejifunza. Sijikuni.

Koti linatuomba tuvute taratibu, limetoka mbali na kichwa kinaliuma. Mara soko ni ofisi, na mezani ameketi hakimu: taipureta kuukuu, rangi imembabuka.

Anaeleza kwamba zamani herufi za taipureta zilikaa kwa mfuatano, A, B, C, kama watoto wa darasa la kwanza, na zilizokuwa majirani zikawa zinagongana kutwa. Zikatawanywa, ndipo kazi ikaenda.

"Ndivyo wanavyosimulia," anaongeza. "Mimi nilikuwa mdogo."

Basi anaamuru majirani tutawanywe. Mama Shose anapelekwa Lindi palepale, bila nauli. Mkono wa koti unarefuka hadi huko, naye kaung'ang'ania. Bidii anayo, tumsifu.

Sina haja ya kupaza sauti, kwani Lindi ya ndotoni iko nyuma ya kabati. "Mama Shose, yaani mzee wa watu hujamwamkia?"

Kwao alilelewa vizuri. Anainama, anatoa mikono yote miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Taipureta anamshika kiganja kwa vidole vyake vyote vya chuma.

Mkono wa koti unanirudia.

"Na wewe, bibi, mbona huniamkii?"

Namjibu nilimwamkia moyoni, mikono ilikuwa kazini.

Nikaamshwa na hodi. Mama Shose alikuwa mlangoni na koti la kijani. Alisema halimkai, mkono mmoja umeshuka mpaka gotini, labda Ndeshi ataukunja. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kiganja kimoja kimechafuka wino mweusi: Q, W, E, R, T, Y.

"Nimesugua na sabuni ya mche, bibi, hautoki."

Nikamwambia ajaribu ndimu. Koti nikalipokea kwa mikono miwili. Sasa ilikuwa na nafasi.