Mstari Mmoja

Wizarani walimwita Bwana Foleni, naye hakuchukia, maana kweli hakuna aliyezijua foleni kama yeye. Maradhi yalipoingia, serikali, ambayo hata kubadilisha kitasa cha choo hukufanyia semina, ilimkabidhi mpango mzima wa vipimo vya haraka: watu wapite wapi, wasimame wapi, waambiwe nini. Ndiye aliyeagiza sakafu ya ukumbi wa michezo ichorwe nyayo za rangi ya njano, jozi kwa jozi, toka mlangoni hadi kwenye meza za kupimia. Asubuhi ya mazoezi ya kuujaribu mpango huo aliingia kabla ya watu, akazikuta nyayo zote zimejipanga kwenye mstari bila wenyewe. Mwili ulimsisimka. Akajicheka, akawasha taa.

Sauti ya kuongoza watu ilikuwa ya dada yake mdogo, muuguzi. Alikuwa ameirekodi kwa upole, kama anayembembeleza mtoto alale: "Anayefuata, karibu. Usiogope." Maneno ya mwisho aliyatunga Bwana Foleni mwenyewe. Wakubwa walisema yametiwa chumvi, lakini alikomaa nao mpaka wakachoka: "Mstari mmoja. Uko salama. Rudi nyumbani, ukawakumbatie wako."

Asubuhi hiyo hiyo dada akapita ukumbini na begi lake. Tangu maradhi yaanze alikuwa akilala hospitali, nyumbani hajakanyaga, kwa kumwogopea mama yao. Kifua cha mama kilikuwa kibovu tangu zamani, na daktari alishawaambia wazi kwamba gonjwa hili likimpata, hatapona. Sasa dada amepewa likizo.

"Kaka, nipime kwanza," alisema. "Koo linaniwasha. Pengine ni vumbi tu, lakini kwa Mama siendi hivi hivi."

"Wewe nawe kwa wasiwasi!"

Hata hivyo alimpima. Kipimo alikichukua kwenye meza ya mbele, ya wageni, ambako aliagiza viwekwe vipimo halisi. Meza nyingine zilikuwa na vichupa vya maji ya bomba badala ya dawa ya kupimia, kwa kuwa ni mazoezi tu na dawa ni ghali. Walisubiri wakitaniana. Ukatoka mstari mmoja.

"Haya, nenda, mdogo wangu. Mama kachoka kukuona kwenye simu."

Dada akaondoka anarukaruka kama mtoto siku ya kufunga shule.

Baadaye waliingia makarani na madereva wa wizara kuigiza wagonjwa. Kila mmoja alipewa lake: huyu akohoe, yule apige chafya, yule azimie kwa adabu asije akavunja kiti. Mwanzoni walikuwa wakichekana. Kisha spika zikaanza, "Anayefuata, karibu," na vicheko vikapungua hadi vikaisha. Hakuna aliyewakataza kuongea. Walisimama tu juu ya nyayo, kila mtu na zake, wakisogea pale sauti ilipowaambia wasogee. Kikohozi kilianzia mbele, kikapokewa nyuma, kikarudi tena mbele. Bwana Foleni alisikiliza, na hofu ikamwingia kweli, kwa sababu hakuweza tena kujua kipi ni cha kuigiza.

"Basi, inatosha!" alipiga makofi. "Zoezi limekwisha!"

Wote wakanyamaza, isipokuwa dereva mmoja katikati ya mstari.

"Na wewe acha utani."

Dereva alitikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni.

"Nilidhani naigiza, bosi," alisema, akaendelea kukohoa.

Watu walimkimbia hadi ukutani. Bwana Foleni alivuta barakoa vizuri, akamwita mtunza stoo amletee kipimo halisi kutoka meza ya wageni. Mtunza stoo hakutikisika.

"Halisi havijafika, bosi. Gari limekwama njiani tangu jana."

"Na hivi vilivyopo mezani?"

"Vya mazoezi, maji matupu kama vingine. Si wewe kila ziara unatuimbia kwamba meza ya wageni isionekane tupu? Tukaijaza." Alitabasamu, akingoja kusifiwa. "Wala hakuna atakayegundua. Hata ukitia maji ya bomba, mstari mmoja unatoka tu."

Bwana Foleni hakuwa na wa kumlaumu. Maneno yalikuwa yake, na ameyasema miaka nenda miaka rudi. Akampigia dada, simu haikupokelewa. Akampigia mama. Wakati simu inaita, kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba barabara iwe na foleni ndefu kupita zote, gari la dada likwame humo hadi jioni.

Mama alipokea kwa kunong'ona.

"Sema taratibu, mwanangu, utamwamsha. Kafika hoi, anawaka moto, maskini. Nimemlaza hapa kifuani kwangu, tumejifunika blanketi moja."

"Mama, mwache! Toka humo chumbani, Mama, sasa hivi!"

"Nimwache niende wapi, na mtoto anatetemeka hivi? Si umempima mwenyewe?"

Alifungua kinywa amweleze. Nyuma yake spika, ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima, zilikuwa zikiendelea kuziongoza zile nyayo tupu. Sauti ya dada ikajaa ukumbi, nzima, haina hata mkwaruzo:

"Mstari mmoja. Uko salama. Rudi nyumbani, ukawakumbatie wako."

Sauti ikapenya simuni hadi kwa mama, akaitambua. Akacheka kidogo, kwa raha.

"Umemsikia?" alinong'ona. "Mwenyewe anasema yuko salama."

Akakata simu, asije akamwamsha.