Uzi wa Ukutani

Ufa ulianza nyuma ya kabati, mwembamba kama unywele, nikadhani ni utando wa buibui. Nikaufuta kwa kitambaa kibichi. Haukufutika.

Tulikuwa tukikaa Kiponda, juu, mimi na mjukuu wangu Radhiya. Chini yetu alikuwepo Bi Damyanti na duka lake la vitambaa, ambalo siku hizi lilikuwa na viti vingi kuliko vitambaa, maana watu walikuja kuzungumza tu. Nyumba yenyewe ni ya zamani, mawe na chokaa na boriti, na mwenye nyumba yuko ng'ambo ya bahari, hapokei simu.

Kila siku baada ya alasiri, Radhiya akirudi chuo cha Kurani, tunakaa ukumbini penye dirisha. Mimi nashona kofia, yeye ananisomea. Skuli nilifika darasa la tatu tu, na macho yangu sasa yanauona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe kwa kupapasa. Herufi ndogo ndizo sizioni kabisa. Basi yeye atoe macho, mie nitoe vidole. Akichoka kusoma nampa kipande cha kitambaa atoboe vitundu na kuvizungushia uzi, viua kama vya kofia yangu. Hatumii mkono wa kulia, anashona kwa kushoto, kwa hiyo fundo lake hupinda kinyume na langu. Na uzi hapendi kuupitisha kwenye nta kama nifanyavyo mimi. Anasema nta inanuka.

Ufa ulipotoka nyuma ya kabati ukapanda juu, nilimwita Fundi Kheir, anayepiga plasta nyumba za mjini. Akauweka mkono, akanusa vidole vyake.

"Ufa wenyewe si kitu, Bi Mwanapili. Kitu ni kama unatembea."

"Ntajuaje kama unatembea?"

"Sisi huweka kipande cha kioo juu yake. Kikivunjika, ukuta unakwenda."

"Kioo nnacho cha kujitazamia, na kimoja tu."

Akacheka. "Basi weka uzi, uzi huna shida nao. Sindano upande huu, sindano upande ule, ukaze. Siku ukikatika usingoje hata chai ichemke. Mshike mtoto, mtoke."

Nikachoma sindano mbili kwenye plasta, ufa ukiwa katikati, nikafunga uzi wangu uliokwisha pakwa nta, nikaukaza mpaka unalia ukiugusa kwa ukucha.

Jioni hiyo mwanangu Nassra alipiga simu. Yeye ndiye mama yake Radhiya, anakaa Mwanakwerekwe, anauza viatu vya mitumba sokoni, na alikuwa keshaambiwa habari za ufa.

"Mama, mlete mtoto huku."

"Nyumba imetulia, Nassra."

"Imetulia inangoja nini?"

"Uzi ukikatika, mtoto nitakuletea mwenyewe, kwa mkono wangu. Usipokatika, niachie."

Radhiya alikuwa pembeni anajifanya anatafuta ukurasa. Sikumtazama.

Masika yakaingia. Mvua ya mji wetu haigongi mlango, huingia tu. Nilianza kuogopa vitu ambavyo zamani nilivipenda. Paka akiruka darini, moyo unanipasuka. Mkokoteni ukipita njiani na chupa zikigongana, nashika ukuta. Nikipepeta mchele nakuta changarawe ambayo sikuinunua sokoni. Asubuhi nikishasali, kabla ya chochote, nautazama uzi kwa mbali nauona upo, mstari mweupe umekatisha ufa. Namshukuru Mungu, nachukua kofia yangu.

Siku yenyewe ilikuwa mvua tangu adhuhuri. Nilikuwa nashona kofia ya bwana harusi, imebaki viua vya mstari wa chini. Radhiya alikuwa anasoma kitabu cha maktaba ya skuli, hadithi ya mnana, ndege mdogo anayesuka kiota juu ya maji.

"Akauchukua ujani mmoja," akasoma, "akaupitisha chini, akaupitisha juu. Bibi, huyu mnana anasuka ukili, kama wa mkeka."

"Soma, mnana keshakusikia."

Mchanga ukamdondokea kitabuni. Mchanga wa chokaa, kidogo tu, kama chumvi. Radhiya akaupuliza, akaendelea kusoma.

Sindano yangu ikasimama. Mtoto akidondokewa na mchanga hutazama juu. Radhiya hakutazama. Aliupuliza kama anayepuliza nzi wa kila siku.

Nikainuka. Nikaenda mpaka kwenye ufa, na safari hii sikuutazama uzi, niliushika. Ulikuwa unateleza. Hauna nta. Nikalipapasa fundo kwenye sindano, limepinda kushoto.

"Radhiya."

Kila siku nikimwita, naam yake hutoka kabla sijamaliza jina. Safari hii alikifunga kitabu tu.

"Uzi huu nani kaufunga?"

"Ulikatika, Bibi."

"Lini?"

"Siku ile maji yalipoingia jikoni." Alikuwa anaitazama miguu yake. "Nlitaka kuufunga ule ule wako. Haukufika upande wa pili. Nkachukua kwenye donge langu."

Nikaliachia fundo, nikamgeukia.

"Ukakatika tena?"

"Ukakatika tena. Na ule nao haukufika."

"Mbona hukunambia, mwanangu?"

"Ulisema ukikatika utanipeleka kwa mama. Kisha wewe utarudi huku peke yako."

Ukuta haukunipa nafasi ya kumjibu. Uliguna. Si mlio mkubwa, ni kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Kabati likasogea kidogo, vikombe ndani yake vikagongana.

"Vaa viatu," nikasema. "Hatungoji kitu."

Mlango wa ngazini ulikuwa wa mabamba mawili, kama milango yote ya nyumba zile. Bamba tunalolitumia nikalivuta, likafunguka kiasi cha kupitisha sahani, likagota. Nikalivuta tena. Fremu ilikuwa imelibana. Bamba la pili lilikuwa na komeo juu, halijafunguliwa tangu siku ya harusi ya Nassra, tulipopitisha kitanda.

Radhiya anapita pale. Mimi sipiti.

"Tangulia."

"Siendi bila wewe."

Alikuwa ameng'ang'ania gauni langu, na mtoto wa mkono wa kushoto akikushika humtoi. Nikachukua donge la uzi wa kofia, nikampa ncha.

"Shika hii. Donge nabaki nalo mie. Shuka, mpitie Bi Damyanti, mwambie nimesema atoke, mwende mpaka baraza ya msikiti. Uzi ukivutwa, ujue nakuja."

"Usipovutwa?"

"Utavutwa."

Akajipenyeza, kitabu kakibana kwapani. Donge likaanza kuzunguka mkononi mwangu. Nikasikia ndara zake ngazini, kisha sauti ya Bi Damyanti kutoka chini.

"Wewe mtoto, mimi nna chai jikoni. Nimezaliwa nyumba hii, leo ndiyo inifukuze?"

"Bibi kasema chai haingojewi."

"Bibi yako amekuwa serikali?"

Kisha sikusikia tena maneno, ila donge lilizunguka kwa kasi, na nikajua mmoja kamburura mwenziwe. Likasimama. Uzi ukavutwa, mara moja, polepole. Nami nikavuta.

Nikapanda juu ya kiti nilifikie komeo. Limeota kutu, halisogei. Nikataka kuligonga kwa mchi, na nilipougusa tu ukuta kwa kiwiko plasta ikashuka vipande vipande mpaka miguuni. Mchi nikauacha. Nikachukua nta yangu, kipande nilichotembea nacho mfukoni siku zote, nikalipaka komeo, juu na chini na ndani ya pete zake. Vidole viliteleza sasa. Kitu kilichokuwa karibu ni ile kofia ya bwana harusi, nikalizungushia komeo, nikavuta kwa mikono miwili.

Uzi ulivutwa. Mikono yangu haikuwa na nafasi, ulikuwa mdomoni, nimeuuma. Nikarudisha kichwa nyuma kumjibu, kama mbuzi anayekataa kamba. Ukavutwa tena, kwa nguvu, nikajua analia. Nikarudisha kichwa tena. Chumba kizima kilikuwa kinanyunyiza mchanga juu yangu, na mimi naogopa kukohoa.

Komeo likaja, bamba likafunguka. Kofia ikapasuka viua vyote.

Niliteremka zile ngazi nimeufuata uzi, naukusanya mkononi bila hata kufikiri, mazoea ya mshonaji. Kuta za njia zilikuwa zinatiririka. Nilipokata kona nikamwona Radhiya barazani, Bi Damyanti kamkumbatia kwa nyuma, na ncha ya uzi mtoto kaizungusha kidoleni mwake mpaka kidole kimekuwa cheusi. Nilikuwa namfungua kidole hicho tuliposikia. Haukuwa mshindo. Ilikuwa kama magunia yanashushwa, moja, halafu jengine, halafu yote. Vumbi likaja njiani hata katika mvua.

Bi Damyanti akasema kwa sauti ndogo, "Chai yangu," na akaanza kulia.

"Bibi," Radhiya akaniuliza, "nimeuangusha mimi ukuta?"

"Hapana. Umeanguka kwa mvua na uzee."

"Sasa utanipeleka kwa mama."

"Nlisema, na ntakupeleka."

"Na wewe?"

"Nlisema kwa mkono wangu. Sikusema mkono utarudi Kiponda."

Sasa tuko Mwanakwerekwe kwa Nassra. Nyumba ya matofali, mpya, bati juu, na kelele za soko mpaka jioni. Bi Damyanti yuko kwa mpwa wake, anapiga simu kila siku kulalamika kwamba chai ya huko haina tangawizi. Nimeanza kofia nyengine. Nikishona siegemei ukuta, nakaa katikati ya chumba, na Nassra anapita ananizunguka.

Juzi nilikuwa natafuta sindano zangu mbili mpya sizioni. Nikazikuta ukutani, nyuma ya pazia, pahala pasipo na ufa wowote, uzi umekazwa baina yake. Nikalishika fundo. Limepinda kushoto. Nikaushika uzi. Ulikuwa na nta.

"Radhiya."

"Naam, Bibi."

"Huu ukikatika?"

"Ntakwambia hapo hapo."

"Hata kama ni kuhama?"

Akafikiri. "Hata kama ni kuhama. Lakini sote."

Akafungua kitabu. Kurasa zake bado zina mchanga ule, ukizifunua unasikika. Akaanza pale mnana alipoishia, juu ya maji, na mimi nikakaa kumsikiliza, kidole kimoja nimekiacha kwenye uzi.