Meno Mawili ya Adelaïde

Adelaïde alikuwa na meno mawili yaliyooza, na mume wake Athanase alikuwa na neno moja: "Kwa masista wa misioni iko bei kali. Hospitali ya Leta njo ya bure!"

Mji mzima wa Masisi uliimba hivyo hivyo, lakini hakuna aliyewahi kupima. Adelaïde akataka kujua.

Akatia kikapuni makopo matano ya maharagwe, akapeleka jino la kwanza kwenye hospitali ya Leta, yaani ya serikali. Kweli, hakulipishwa kitu. Ila mlinzi aliomba kopo moja la watoto wake, karani moja la karatasi, mchemsha koleo moja la kuni, na muganga aliyeling'oa mawili ya shukrani. Kikapu kikarudi kitupu.

Wiki iliyofuata akapima tena matano, akapeleka jino la pili kwa masista. Wakachukua matatu, bei iliyoandikwa mlangoni, basi.

"Wamekuibia matatu!" Athanase akafoka. "Leta haikukulipisha hata moja."

Siku chache baadaye shavu lake mwenyewe likavimba. Adelaïde akamsogezea kikapu chenye makopo matano. Athanase akarudisha mawili guniani, akashika njia ya misioni na matatu yaliyobaki.