Santuri Isiyo na Mkwaruzo

Nchi ya Sifatele imepakana kaskazini na Husuda, kusini na Kinaya, na upande wa magharibi na jangwa la Usahaulifu, ambalo hakuna msafiri aliyelivuka akafika ng'ambo na jina lake kamili. Ardhi yake ina rutuba, mito yake haikauki, na ng'ombe wake hunenepa bila kuchungwa sana. Lakini neema hizo wenyeji hawazitaji, kwa sababu tangu enzi ya masultani wa mwanzo akili ya taifa zima imekabidhiwa jambo moja tu: kujadili ni albamu zipi, katika zote zilizopata kutengenezwa chini ya jua, zinazostahili kuitwa bora.

Albamu kwao ni nyimbo kadha zilizofungwa pamoja katika santuri moja nyeusi. Katika mji mkuu, uitwao Majivuno, lipo Kasri la Daraja, na ndani yake zimepangwa albamu mia moja, ya kwanza hata ya mia, kila moja katika sanduku lake la kioo. Hizo ndizo Mia Bora. Nyingine zote huitwa makapi. Ndoa zimevunjika Sifatele kwa sababu mume alisema ya arobaini ingefaa kuwa ya thelathini na tisa. Ndugu wa tumbo moja wamenyimana maji ya kunawa. Na mtoto akizaliwa, kabla hajatazamwa kama anapumua, baba huulizwa yuko upande wa albamu gani.

Juu ya mambo hayo limewekwa Baraza la Wajuzi. Wajumbe ni sabini, lakini wenye kauli ni watatu: Ujuaji, mwenyekiti, mtu mnene wa shingo na mwembamba wa subira, Nukuu, karani, ambaye hajapata kusema neno lake mwenyewe tangu aachishwe ziwa, na Taadhima, tabibu pekee wa mji mzima, aliyeitwa barazani kwa sababu jina lake lilipendeza kwenye orodha. Tangu aitwe hakumgusa mgonjwa.

Kila mwaka wa saba, ambao ndio Mwaka wa Mizani, mbiu hupigwa, na mwenye albamu hulazimika kuipeleka kasrini ikapimwe. Ikipata nafasi, iliyokuwa ya mia hutolewa. Isipopata, hutiwa tanurini ikayeyuka, na ujiuji wake hufanywa vifungo vya majoho ya wajuzi. Anayeficha makapi nyumbani hufungwa miaka saba kwa kosa la uasi wa sikio. Hiyo ndiyo sheria, na walioitunga, we acha tu, hawajapata kufiwa.

Basi katika mtaa wa Kando, wanakokaa wapasua mawe, aliishi mtu aitwaye Simanzi bin Stahamili. Hakusoma. Herufi alizozijua ni zile za kwenye kaburi la mkewe, na hizo alifundishwa na aliyezichonga. Mkewe aliitwa Liwazo, na alifariki kwa homa ya siku tatu. Siku ya kwanza Simanzi alikimbia kasrini kumwita tabibu. Bawabu akamwambia tabibu yumo kikaoni. Siku ya pili akaambiwa kikao kimepamba moto, wamefika albamu ya sitini na moja. Siku ya tatu tabibu alitoka, akajinyoosha, akauliza, "Bado anaumwa?" Wakati huo Liwazo ameshaoshwa na kuvishwa sanda. Na ile ya sitini na moja, baada ya hayo yote, ikabaki ya sitini na moja.

Tangu siku hiyo Simanzi hakukisifu kilemba cha mtu. "Wakubwa hawafi kwa homa," alikuwa akisema. "Homa inaomba ruhusa kwanza, na bawabu hairuhusu."

Kitu kimoja kilimbakia. Enzi za usichana wake, Liwazo na wanawake sita wa Kando waliimba albamu moja, wakaiita Tutatwanga Wenyewe. Zilitengenezwa santuri saba. Sita zilikwisha kupita tanurini katika miaka ya mizani iliyotangulia, na iliyobaki ni hiyo ya Simanzi, ambayo Liwazo aliificha kila mbiu ilipolia. Kila alipotoka machimboni, vumbi la mawe bado nyusini, aliipeleka kwa jirani yake Bi Kebehi, muuza vitumbua, aliyekuwa na gramafoni kuukuu. Sindano za chuma ni za matajiri. Wao walitumia mwiba wa mgunga. Kabla ya ubeti wa pili wa wimbo wa mwisho Liwazo alivuta pumzi, na hapo Simanzi alifumba macho.

"We Simanzi," Bi Kebehi humwambia huku akigeuza vitumbua, "utaitoboa hiyo santuri mpaka upande wa pili uimbe kinyumenyume!"

"Acha itoboke. Mradi nimsikie anavyohema."

"Mume wangu angenipenda hivyo, nisingemchomea wali kwa makusudi."

Mbiu ya Mwaka wa Mizani ilipolia, Bi Kebehi alimshauri aifukie santuri ndani ya pipa la unga. Simanzi alikataa.

"Nikifa mimi, jirani yangu, nani atamsikiliza? Watoto hatukujaliwa. Kule kuna kioo, kuna walinzi; itaishi kuliko mimi na wewe. Na wale, wabaya walivyo, wana masikio. Wakimsikia Liwazo hata mara moja, watashindwaje kumpa nafasi?"

"Aliyekunyima tabibu atakupa sanduku la kioo?" akauliza Bi Kebehi. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Simanzi aliifunga santuri kwa kanga ya marehemu, akaenda.

Ukumbi ulikuwa umefurika watu wa kila mtaa, na nyuma ya pazia ameketi Sultani Mridhia, ambaye hupendezwa na kila jambo ilimradi lisimwamshe. Ujuaji aliipokea santuri kwa ncha za vidole, akaiinamia na kioo cha kukuzia, akahesabu kwa sauti ya chini. Ghafla akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mikwaruzo mia tatu na kumi na miwili! Mzee, hii santuri imepigwa!"

Wajuzi sabini wakashika vifua. Mmoja akafunika macho ya mwenzake.

"Naam, bwana mkubwa," akasema Simanzi, "imepigwa kila jioni. Santuri hupigwa, bwana."

"Imenenwa," akaingilia Nukuu akitetemeka, "kwamba kilichoguswa kimepungua. Na aliyenena alimnukuu aliyenena kabla yake."

Simanzi akatazama huku na huku. Aliona masanduku mia ya kioo, majoho sabini, mazulia, mishumaa, marundo ya kumbukumbu za vikao hata darini. Kitu kimoja hakukiona.

"Samahani, mabwana. Gramafoni iko wapi?"

"Gramafoni ya nini?"

"Ya kusikilizia."

Ujuaji akacheka kwa huruma, kicheko ambacho wakubwa huwawekea wajinga. "Mzee wangu, mjuzi hasikilizi. Sikio lina upendeleo; sikio hulia, sikio hukumbuka mama yake. Jicho ndilo adilifu. Sisi twatazama uso wa santuri: isiyo na doa iko juu, yenye doa iko chini, na ya kwanza kabisa, Taji la Fahari, haina mkwaruzo hata mmoja."

Simanzi akayatazama tena masanduku mia ya kioo.

"Hamjapata kuzisikia? Hata moja?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi zile siku tatu, wakati wa homa ya mke wangu, mlipokuwa mkibishana juu ya hiyo ya sitini na moja..."

"Tulikuwa tukilinganisha mng'ao wake," akasema Tabibu Taadhima, na uso wake ukang'aa kwa kumbukumbu njema. "Ulikuwa mjadala mzito. Nausikia mpaka leo mgongoni."

Simanzi alisimama kama mtu aliyepigwa kofi na maiti. Miaka yote alikuwa amewachukia watu hao kwa kudhani wanapenda nyimbo kuliko roho za watu. Kumbe hata nyimbo hawakuzipenda! Chuki yake yenyewe ilikuwa imewapa heshima wasiyoistahili.

Ujuaji akagonga meza. "Makapi." Askari wakaichukua santuri na kanga yake, wakatoka nayo.

Sasa, iko haki moja ya kale Sifatele ambayo wakubwa walisahau kuifuta: aliyehukumiwa aweza kumwita shahidi mmoja, na aliyeitwa sharti aseme.

"Namwita shahidi," akasema Simanzi.

"Nani?"

Akanyoosha kidole chenye sugu. "Yule pale. Taji la Fahari. Aseme tumsikie."

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa teke. Ujuaji alipinga, Nukuu alinukuu, lakini nyuma ya pazia sauti ya usingizi ikasema, "Haki ni haki. Asemeshwe, tukale."

Gramafoni haikupatikana katika nyumba ya mkubwa hata mmoja. Ikabidi iletwe ile ya Bi Kebehi, naye akaingia nayo kichwani, akipita katikati ya wajuzi.

"Pisheni, pisheni majoho! Mafuta ya vitumbua haya, hayajui cheo."

Santuri ya kwanza ikatolewa kiooni, ikawekwa, mwiba ukashushwa. Mwiba ukateleza kutoka ukingoni hata kitovuni kama mguu juu ya jiwe lenye ukoga. Kimya. Ukarudishwa, ukateleza tena. Simanzi akaipapasa kwa vidole vilivyopasua mawe miaka arobaini.

"Haina mifereji," akasema polepole. "Haikuchongwa. Hakuna wimbo humu, wala haujapata kuwemo."

Na ndivyo ilivyopasa kuwa, msomaji. Kwani sauti yote ya santuri imo katika mfereji, na mfereji ni mkwaruzo. Watu waliotafuta uso usio na mkwaruzo wangeishia wapi?

"Jamani!" Bi Kebehi akapiga makofi. "Miaka yote hii mnasujudia sinia!"

Ikawekwa ya pili. Ikakohoa, kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Moja... mbili... we fundi, hebu funga mlango, upepo." Basi, ikaishia hapo. Mzee mmoja wa Majivuno akakaa chini sakafuni akajishika kichwa. "Nilimwacha mke wangu kwa ajili ya hiyo ya pili," akasema. "Mama wa watoto wangu! Alisema ni ya tatu."

Sultani Mridhia, aliyeamka sasa, akatoa kichwa pazia likiwa begani. "Na ya huyu mpasua mawe? Ipigwe hiyo."

Askari wakatazamana.

"Ilikwisha kwenda, mtukufu."

"Kwenda wapi?"

"Tanurini. Sheria yasema hukumu itimizwe kabla shahidi hajamaliza, ili ushahidi usije ukaiharibu hukumu."

Ujuaji peke yake ndiye aliyepata la kusema, kwa maana mtu wa namna ile hakosi. Akainua mikono miwili.

"Wajuzi wenzangu, huu ni ufumbuzi! Albamu ya mzee huyu sasa haina mkwaruzo wala doa, na hakuna mkono utakaoipiga milele. Naomba iwe ya kwanza!"

Baraza likalipuka kwa shangwe. Nukuu akachovya kalamu. "Imenenwa kuwa sauti ya bibi Liwazo ilikuwa kama asali juu ya hariri..."

"Imenenwa na nani?" akauliza Simanzi.

"Itanenwa," akajibu Nukuu.

Tabibu Taadhima akaja na joho jipya mikononi, akitabasamu. "Karibu kwetu, mzee. Wewe ndiwe mtu pekee nchini aliyeisikia albamu ya kwanza." Simanzi akatazama vifungo vya joho, vyeusi, vya mviringo, vinang'aa. Akakigusa kimoja. Akakumbuka zile santuri sita za wenzake Liwazo, na mkono ukamrudi kama ulioungua.

"Mmeniulia mke mara mbili," akasema.

Hakupaza sauti. Hata Taadhima akainamisha uso. Kisha Ujuaji akatikisa kichwa taratibu.

"Kauli nzito. Karani, iandike. Katika kauli zote za wafiwa, hii tuiweke ya ngapi?"

"Ya nne," akasema mjumbe mmoja.

"Ya nne? Ya pili!"

"Imenenwa kuwa ya tatu..."

Simanzi akawageuzia kisogo. Bi Kebehi akaitwaa gramafoni yake akamfuata. Nyuma yao yule mzee aliyemwacha mkewe. Kisha watu wa Kando, kisha wa mitaa mingine, mpaka ukumbini wakabaki wajuzi na Sultani, nao kwa joto la mjadala hawakuona kuwa wameachwa.

Uani, kando ya tanuri, vilipangwa vikapu vya albamu zinazongojea zamu ya moto. Simanzi akasimama baina ya vikapu na mdomo wa tanuri. Mchochea moto, mtu mkubwa aitwaye Agizo, akamwambia atoke.

"Una amri ya kunitoa?"

Agizo akatazama mlango wa ukumbi. "Bado haijaja. Wanazungumza."

"Basi ngojea."

Simanzi akainama, akatoa santuri ya juu, akaipangusa kwa kiganja. "Ya nani hii?" Mkono mmoja ukainuka. Akatoa nyingine. "Na hii?" Akaendelea hivyo, moja moja, jasho likimtiririka, wala hakuitazama yoyote kama ina mikwaruzo, mpaka vikapu vikawa vitupu. Moto ukakosa chakula, ukaanza kuwa mwekundu, kisha wa kijivu. Amri haikuja.

Alasiri hiyo katika mitaa ya Majivuno gramafoni zilitolewa darini na chini ya vitanda, zikapigwa milango wazi, zikigongana sauti, zikikwama, zikiruka. Simanzi alipita akirudi kwake mikono mitupu. Hata kanga hakurudi nayo. Mbele ya nyumba ya mfinyanzi asiyemjua alisikia mwanamke akiimba kutoka ndani ya santuri. Sauti yake ilikuwa kavu, na kila alipopanda juu alikosea. Simanzi akaketi kizingitini.

"Huyo ni mama yangu," mfinyanzi akamwambia kwa haya. "Hakujua kuimba."

"Nyamaza," akasema Simanzi. "Nasikiliza."

Akakaa mpaka mwisho.