Mavi ya Kairu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei 2024, saa nne asubuhi. Ndambiri, karani wa ruzuku ya maziwa, alisimama bomani kwangu, huku nje ya Runyenjes, akichagua pa kukanyaga kwa viatu vyake vya kung'aa.

"Mzee, uko na ng'ombe wangapi wa maziwa?"

Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi umeita kifo. Nikajibu kama baba yangu alivyokuwa akijibu: "Aa, ni wa chai tu."

Akaandika. Sikujua ameandika nini. Shule niliachia darasa la tatu. Ng'ombe wangu Kairu alikuwa nyuma yake anacheua, karibu amlambe shati. Karani hata hakugeuka.

Kairu alinunuliwa na marehemu mke wangu, Felicitas, kwa pesa za chama chao cha akina mama. Saratani ilipomlaza aliniambia, "Uza nguo zangu zote. Kairu usiuze." Sasa chakula cha mifugo cha gunia kimepanda bei, majani yamekauka. Bila hiyo ruzuku, Kairu ni wa Idrisi, mchinjaji wa sokoni, ambaye kila akipita ananiamkia mimi huku akimwangalia ng'ombe mapaja.

Mwezi wa saba orodha ya ruzuku ikabandikwa kwa chifu. Jirani yangu Wambeti akanisomea, akaanza kucheka, akajizuia.

"Baba, wameandika hivi: hana ng'ombe, anakunywa chai."

"Na huyo wa juu yangu?"

"Njuki. Kumi na wawili."

Njuki ni mwenyekiti wetu wa wafugaji. Mnyama aliye naye ni mbwa, na huyo mbwa hula kwa majirani.

Nikamwendea Ndambiri. Hakuinua macho kutoka kwa simu. "Mzee, maneno ni yako mwenyewe. Kama uko na ng'ombe, leta ushahidi kwa baraza Alhamisi."

Nikaleta. Mtu wa boda boda alilalamikia harufu njia nzima. Nikaweka ndoo juu ya meza yao, katikati ya chupa za maji na makaratasi, nikafunua.

"Ushahidi huo. Bado uko na joto."

Watu wakaangua kicheko. Njuki akaziba pua na leso. "Toeni huu uchafu! Huyu mzee tangu afiwe hana akili."

Kicheko kikakatika. Nilisikia vibaya, lakini sikuketi.

"Uchafu ni nyinyi," nikamwambia. "Hii ni mbolea. Na leo nitahesabu kwa mdomo, Felicitas anisamehe: ni mmoja! Mmoja, na amejaza ndoo kwa usiku mmoja tu. Wewe una kumi na wawili, Njuki. Tupeleke tukaone."

Ndambiri akafunga faili akasema wakati umeisha. Yeye na Njuki wakapanda gari. Ndoo waliniachia.

Jumamosi Idrisi alikuja na kamba. "Mzee wangu, uza kabla hajakonda. Mimi nakuonea huruma." Nikampa kikombe cha chai ya maziwa ya Kairu, kidogo kilichopatikana. Alikunywa, akasifu, akaacha kamba imening'inia kwenye lango. Atarudi Jumatatu, na sina hata gunia moja la chakula.

Kila ninayekutana naye namuuliza, chifu nimemuuliza, hata padri: ng'ombe kumi na wawili wa Njuki, mavi yao yako wapi?