Aliyeitika Jikoni

Bibiane alisonya mbele ya televisheni. Vichekesho gani hivi? Wafungwa wa vita wana vitambi, mashati yamepigwa pasi, na mlinzi akiita jina la asiyekuwepo, wote wanakodoa macho tu!

"Waongo wakubwa!" aling'aka. Katika kambi aliyofungwa yeye kule Kivu, mtu akifa, mwenzake aliitika "Niko!" kwa niaba yake ili posho ya marehemu isikatwe. Bibiane aliitika kwa niaba ya Elvire, aliyelala kando yake amekauka, mpaka harufu ikawaumbua.

Akazima televisheni kwa hasira. Nyumba yao ya Toongabbie, huku ughaibuni, ikanyamaza.

Nje uani, mumewe Bruno alikuwa akianua nguo. "Bibiane!" aliita.

Kabla Bibiane hajafungua kinywa, jikoni kusikokuwa na mtu, sauti ya Elvire ikaitika kwa niaba yake: "Niko!"

"Haya," Bruno akajibu, akaendelea kuanua.