Pile Nne Kando ya Babula

Siku ya tano, tarehe 14 mwezi wa tatu 2025, saa nne asubuhi, niliweka pile nne, batri ndogo kama za radio, kando ya makaa ya babula, jiko letu. Tangu pale kila kitu kiliharibika.

Zilikuwa za Isidore, jirani yetu hapa Alunguli, mtaa wa Kindu, mwenye kutengeneza radio. Si pile za kutupa, ni zile za kuchajisha. Unazijaza kwa kipande kidogo cha sola, unazipanga nne ndani ya kisanduku chenye tundu la USB, unachomeka waya ya telefone. Umeme wa serikali hatukuuona tangu mwaka mpya. Wakubwa wana jenereta zao. Sisi walitupandia nguzo, ndege njo wanazitumia.

Siku ya kunipa, Isidore alinionya akicheka: «Papa Kayembe, mimi nakujua. Pile hizi si muhogo, hazichomwe!»

Nilimjibu kwamba nilikuwa napasha pile moto yeye bado ananyonya. Na ni kweli. Wakati wa vita ya zamani, treni ilipokufa na Kindu ikafungwa, pile mpya ilikuwa kitu cha kuota. Tuliziuma, tulizianika juu ya bati, tulizipasha kando ya babula, na radio ilisema tena nusu saa. Njo vile tulijua nani anatutawala.

Sasa vita nyingine ilikuwa imeingia Bukavu, kule binti yetu Fidélie aliolewa. Mwezi mzima hatukumsikia. Mke wangu Misenga, moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba. Alikuwa analala na telefone yangu kifuani. Namba ile njo moja tu Fidélie aliyoishika kichwani.

Mvua ilinyesha siku tatu, sola haikutoa kitu. Telefone ikabaki karibu kuzimika.

«Papa Fidélie, peleka pile kwa Isidore,» Misenga akasema. «Yeye iko na batri kubwa.»

«Ya nini kumusumbua? Mimi najua pile.»

«Unajua pile za zamani.»

«Pile ni pile, mama.»

Nikaziweka kando ya babula, nikaenda kuchuma mboga ya lengalenga bustanini. Kurudi, nikakuta ngozi ya pile imeyeyuka, moja imetema maji. Nikazipangusa, nikazirudisha kisandukuni. Telefone haikupokea kitu. Kabla ya saa sita ikazimika.

Kwa Isidore ni hatua thelathini. Nilimwona mlangoni pake, nikasikia kicheko chake kabla hajacheka. Nikarudi ndani, telefone mfukoni.

«Imekubali?» Misenga akauliza.

«Imekubali. Ila rezo haiko, hakuna telefone inayoingia. Wakubwa wameikata, sababu ya vita.»

Aliniamini. Wakubwa wetu, hakuna ubaya ambao muntu hawezi kuwadhania. Akafunga macho. «Basi kama ni wao, tutafanya nini?» Hakuiomba tena telefone. Hakuomba hata nikaulize habari kwa jirani.

Siku mbili baadaye, siku ya Yenga, saa tisa mchana, alikufa.

Kesho yake Isidore mwenyewe aliichukua telefone aichajishe kwenye batri yake, ili tuite familia yetu ya kule Kailo. Aliona kisanduku, akazitoa pile, akazigeuza mkononi. Hakucheka. Ningependa acheke.

Ilipowaka, ujumbe ukaingia mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa wa siku ya tano, saa nane mchana: «Mama, niko muzima. Tuko kwa watu wa kanisa. Nimeita, telefone haipatikane.» Kesho yake, siku ya Posho, alikuwa ameandika mara mbili.

Wakubwa bado nawalaumu, na nitakufa nawalaumu. Vita ni yao, giza hili ni lao. Lakini uongo ule hawakunituma. Niliutoa mwenyewe kinywani, nikamlisha mugonjwa.

Jioni Fidélie akaita. Alilia, nikalia. Nikamueleza habari ya umeme, nikamueleza habari ya vita, nikawatukana wote kwa cheo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja, na tangu siku ile kila akiita analiuliza, nami nageuza maneno, namuuliza habari ya watoto:

«Papa, mama alikufa anajua kama niko muzima?»